Mtoto Aulizaye "Umejuaje?"



Wiki iliyopita, baada ya darsa ya Alasiri, alitujia mama mmoja, uso umemwingia huzuni. Akasema: "Maalim, binti yangu amenishinda. Kila nikimwambia jambo huniuliza, 'Mama, umejuaje?' Sasa ataka kuchukua fizikia. Nami nachelea: leo auliza habari za nuru na macho, kesho ataiuliza dini. Nimkataze?" Tulimwomba atupe muhula tumjibu kwa kalamu, kwani twajua hofu hii si yake peke yake.

Sisi Waislamu twapenda kuhesabu majina. Katika mihadhara yetu humtaja Al-Khwarizmi na aljebra yake, Al-Razi aliyepambanua ndui na surua, na Ibn Sina na vitabu vyake vya tiba. Tukisha kuwataja hupiga takbiri, kisha kila mtu akashika njia ya kwake. Ni haki yao kutajwa. Lakini leo tumtazame mmoja tu, tuone alifanya nini hata jina lake likabaki.

Abu Ali al-Hasan Ibn al-Haytham alizaliwa Basra, nchi ya Iraki, kiasi cha mwaka 354 Hijria, ndio 965 Miladia. Zama hizo wenye elimu walikuwa wamegawanyika juu ya jambo la kuona. Wakubwa wa hesabu wa Kiyunani, Euclid na Batlamyus, walifundisha kuwa jicho hutoa miale yake, ikaenda kukigusa kitu, ndipo mtu akakiona. Kauli hiyo ilikuwa imeheshimiwa kwa mamia ya miaka.

Ibn al-Haytham hakuwatukana wazee hao, wala hakuwafuata kwa kufumba macho. Alitaka kujua wamejuaje. Akasema kwa maana hii: jicho huumia likilikabili jua, na mtu akitazama mwangaza mkali kisha akafumba macho, alama ya mwangaza ule hubaki machoni. Basi kuna kitu kinachoingia jichoni kutoka nje.

Hakutosheka na hoja, akafanya jaribio. Alichukua chumba chenye giza, chenye tundu moja, na mbele ya tundu, kwa upande wa nje, akapanga taa kadhaa, kila moja mahali pake. Ndani, ukutani, pakatokea madoa ya nuru kwa idadi ya taa. Taa moja ilipofunikwa, doa lake pekee likatoweka. Ilipofunuliwa, likarudi pale pale. Akathibitisha kuwa nuru huenda kwa mstari ulionyooka, na kuwa nuru za taa nyingi hupita katika tundu moja bila ya kuchanganyika.

Wasomaji waliokulia katika nyumba zetu kongwe za mawe huenda wameyaona mambo ya namna hii bila ya kujua. Mchana, madirisha ya mbao yamefungwa, jua kali nje, mwanga hupenya kwenye kitundu cha ubao, na wapita njia wakaonekana ukutani, miguu juu kichwa chini. Nuru itokayo kichwani hushuka inapopita tunduni, na ile ya miguuni hupanda, ndipo sura ikapinduka.

Haya na mengi mengineyo aliyaandika katika Kitab al-Manazir, kitabu chenye sehemu saba. Aliandika pia kitabu cha shaka zake juu ya Batlamyus, na humo akaeleza kuwa mwenye kuitafuta haki hatosheki na kauli za waliotangulia, bali huzipima kwa hoja, na hujituhumu hata nafsi yake asije akapendelea.

Na mtihani wa nafsi yake ulimfika. Wanahistoria wasimulia kuwa alidai angeweza kuyatawala maji ya mto Nili, na Khalifa Al-Hakim wa Misri akamwita ayatimize. Alipopanda mto hadi upande wa Aswan, akaona majengo ya watu wa kale yalivyojengwa kwa ustadi, alitambua kuwa lau lingewezekana wale wangelitangulia kulifanya. Akarudi akakiri kuwa hakuweza. Kisha, kwa kumcha mtawala yule, alijifanya mwenda wazimu na akakaa kizuizini nyumbani hadi Al-Hakim alipokufa mwaka 1021. Baada ya hapo aliishi karibu na msikiti wa Al-Azhar, akila kwa jasho la kalamu yake, kwa kunakili vitabu.

Naye pia alisahihishwa na waliokuja baada yake. Karibu miaka 300 baadaye, Kamal al-Din al-Farisi wa Uajemi alikisherehesha kitabu chake na kukikosoa palipohitaji. Na kwa tufe la kioo lililojazwa maji akaeleza vipi upinde wa mvua hutokea. Kitabu kilitafsiriwa kwa Kilatini, na mwaka 1572 kikapigwa chapa mjini Basel, wataalamu wa Ulaya wakakisoma.

Sasa twakurudia wewe, mama yetu. Wachelea kuwa swali huvunja imani. Mkumbuke Nabii Ibrahim, amani iwe juu yake, alipomwomba Mola wake amwonyeshe vipi huwafufua wafu. Hakuwa na upungufu wa imani. Alitaka moyo wake utulie, na Mola wake hakumkaripia, bali alimwonyesha. Basi vipi sisi tumkaripie mtoto?

Na ikiwa hofu ni kwamba ni mwana wa kike, Ibn al-Nadim amemtaja katika Fihrist yake binti wa fundi Al-Ijli, aliyekuwa katika huduma ya Sayf al-Dawla, mtawala wa Aleppo, katika ufundi wa astrolabu, chombo cha kupimia nyota. Alisoma kwa mwalimu yule yule aliyemfundisha baba yake. Baba hakumfungia mlango.

Lililo juu yako ni kumfunza adabu ya kuuliza: asikilize kwanza, asimdharau mkubwa, na akionyeshwa dalili aikubali. Na lililo juu yetu sisi wazazi na walimu ni zito zaidi: tusipojua tuseme hatujui. Imam Malik alikuwa mashuhuri kwa neno hilo, na heshima yake haikupungua.

Ijumaa hii, chukua boksi la viatu. Upande mmoja toboa kwa sindano. Upande wa pili ukate uwe wazi, uubandike karatasi nyembamba iliyopakwa mafuta. Jifunikeni kanga wewe na binti yako, tundu likielekea nje kwenye mwangaza, wala si kwenye jua lenyewe. Mtauona mnazi umesimama kichwa chini. Akikuuliza kwa nini, usimnyamazishe. Mwambie akueleze yeye, nawe umuulize: "Umejuaje?"

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.