Karte Inaonekana Tupu, Kumbe Picha Zimo

Juma lililopita mwenzetu mmoja alifika kwenye kikao akiwa amekunja karte memwari ndani ya leso. Ni karte ya ndoa ya binti yake: mahari, kanisa, karamu, vyote vimo humo. Alikuwa ameipeleka kwenye kibanda kimoja cha fotokopi huku Nyawera ili achapishe picha kumi. Ordinatere ilipoifungua, dosie za picha hazikuonekana. Zilibaki alama ndogo zenye mshale, kila moja na jina la dosie yake. Kijana wa pale akasema, "Mama, picha zimeshakufa, acha niformate karte." Mama akakataa, akaichomoa mwenyewe.

Alifanya vizuri. Tulimpelekea jirani ambaye ordinatere yake inatumia Linux, akaichomeka, na picha zote zikatokea bila yeye kufanya lolote. Mama alikaa chini kwanza.

Tulimwuliza jirani ilikuwaje. Kwenye Windows, kuficha faili ni kuiwekea alama ndogo pembeni ya jina lake katika orodha ya karte. Kuna virusi vinavyohama kwa flashi na karte, ambavyo huweka alama hiyo kwenye dosie zako zote, kisha huweka mahali pake ile mishale ya uongo. Ukibonyeza mshale, umekiamsha kirusi. Linux haijali alama hiyo. Kwake yeye, kilichofichwa ni kile ambacho jina lake linaanza na nukta. Basi kila mashini ina kabati lake la siri, na mashini ya jirani hupita ikaliona wazi.

Kama una Windows tu, fungua karte bila kugusa mishale, nenda "Affichage", weka alama kwenye "Éléments masqués". Zisipotokea, bado usiogope, kwa sababu virusi hivyo huzificha kama faili za mashini yenyewe. Mwombe anayejua afungue dirisha jeusi la amri na kuandika hivi, akiweka herufi ya karte yako badala ya E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Halafu nakili picha mahali pengine, futa ile mishale, na upitishe antivirusi. Na kama karte imeshaformatiwa? Mara nyingi kinachofutwa ni orodha tu, picha zenyewe zimebaki chini yake. Usipige hata picha moja juu yake. Kuna programu ya bure, PhotoRec, inayoweza kuzitafuta, nayo hufanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Si kila kitu kitarudi, lakini jaribu kabla ya kulia.

Kuna na jambo la Mac, ambalo limeshawasumbua wengi wanaopokea karte kutoka kwa ndugu walio Ubelgiji. Unakuta kila picha ni mbili, na moja yao haifunguki, jina lake linaanza na nukta na mstari mdogo wa chini. Hiyo si picha iliyoharibika. Ni maelezo ambayo Mac hujiandikia, yeye haionyeshi, lakini Windows huionyesha. Zifute hizo tu. Tazama ukubwa wake: mara nyingi ni kilo-okteti 4, wakati picha ya kweli ni kubwa mno kupita hapo. Sisi wenyewe tuliwahi kumlaumu shemeji bure kwa hizo.

Upande wa pili ndio unaotutia wasiwasi zaidi, hasa kwa binti zetu. Ukifuta picha za karte kwenye Mac, huingia kwenye dosie ya siri iitwayo .Trashes, iliyo palepale juu ya karte, mpaka kikapu cha takataka kimwagwe. Linux nayo ina yake, .Trash-1000. Simu za Android huweza kubakiza picha ndogondogo katika dosie .thumbnails. Kwa hiyo msichana anafuta, anaona karte tupu, anamwazima rafiki au anaiuza pamoja na simu, na mwenye mashini ya aina nyingine anaona yote. Karte iliyobeba picha za mwili au makaratasi ya familia, sisi tunasema isiuzwe kabisa. Bei yake sokoni haifikii aibu hiyo.

Ukienda kuchapisha, weka picha unazotaka peke yake kwenye flashi isiyo na kitu kingine. Ukitumia ile adapta kubwa ya karte, sukuma kijifungo cha pembeni kwenye "Lock". Mashini nyingi zikikiona haziandiki kitu juu ya karte, hata kirusi.

Mama wetu alirudi kuchapisha picha zake kumi, safari hii kwa flashi. Katika moja, mama mkwe amefunga macho. Amesema ataiweka hivyo hivyo ukutani.