Samaki-sanduku: Urembo unaogeuka sumu tangini

Biashara ya kunasa samaki wa mapambo katika pwani ya Kenya na kuwasafirisha kwa ndege hadi ng'ambo imedumu kwa miongo mingi. Imewapa riziki wapiga mbizi wa sehemu kama Shimoni na Kilifi. Hata hivyo, si kila kiumbe cha mwambani kinachostahili kufungiwa sebuleni.

Mfano bora ni samaki-sanduku wa manjano, apatikanaye kutoka Bahari ya Shamu na Afrika Mashariki hadi Pasifiki. Mwili wake umezingirwa na gamba gumu la vibamba vya mfupa, umbo lililowavutia hata wahandisi wa Mercedes-Benz waliounda gari la majaribio kwa mfano wake mnamo 2005.

Mnunuzi huonyeshwa kinda mwenye ukubwa wa kidole gumba, wa manjano na madoadoa meusi. Asichoambiwa ni kwamba kinda huyo anaweza kufikia sentimita 45, na kwamba rangi ile ni onyo kwa maadui.

Samaki huyu anapotishwa, hutoa kwenye ngozi ute wenye sumu. Wanasayansi waliieleza sumu hiyo mnamo 1964 kutokana na jamaa yake wa Hawaii, na baadaye ikaitwa pahutoksini, kwa jina la samaki huyo katika lugha ya huko. Hufanya kazi mithili ya sabuni: hutoa povu, huathiri matamvua na kupasua chembe nyekundu za damu.

Baharini, sumu hiyo humfukuza adui kisha huchukuliwa na mkondo. Katika tangi haina pa kwenda. Samaki mmoja akisumbuliwa na wenzake, akihamishwa ghafla au akifa, anaweza kuangamiza tangi zima. Yeye mwenyewe hasalimiki.

Wafugaji wenye uzoefu humtengea tangi la mamia ya lita, humweka na wenzi watulivu na huwa na mkaa maalumu wa kuchujia sumu. Aidha, huwa tayari kubadilisha maji upesi. Ni wangapi walio na uwezo huo?

Hapo ndipo penye kiini cha suala hili. Samaki afaye tangini huzaa agizo jingine, na agizo hilo hurejea mwambani. Hifadhi za bahari za Kisite, Watamu na Malindi, ambako uvuvi ni marufuku, hulinda viumbe waliomo ndani ya mipaka yake pekee. Walio nje hutegemea busara ya mnasaji, mwuzaji na mnunuzi.

Mzigo mkubwa zaidi unapaswa kumwangukia mwuzaji, kwa kuwa ndiye ajuaye anachouza na kumfahamu mteja wake. Kumweleza mnunuzi ukubwa na sumu ya samaki kabla ya kupokea fedha hakumgharimu chochote ila mauzo ambayo hayakustahili kufanyika.

Wahenga walinena kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ndani ya mkakasi huu hai mna sumu.