Bati la Kyuso na Tembe ya Dodoma

Kyuso, huko Kitui, adhuhuri haina huruma. Nyumba nyingi nilizoziona ni za tofali la kuchoma na bati lisilo dari. Zapendeza, lakini mchana wenyewe huhamia chini ya mti.

Jirani zetu wa Tanzania wana Dodoma, yenye ukame kama huo. Wagogo walijenga tembe: kuta za udongo, na paa la miti lililofunikwa udongo, ndani baridi. Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 ikawahamishia vijijini, na hatimaye bati likashika nafasi. Wakamba nao wakaiacha misonge yao ya nyasi.

Bati nisilionee: halitaki kuezekwa upya kila mara, na mvua ikinyesha lakinga maji, nayo Kyuso ni mali. Lililosahauliwa ni dari.

Basi tusibishane nani kajenga bora, Mkenya au Mtanzania. Jua halijui mpaka. Sisi wa pwani twajua raha ya kuta nene za matumbawe. Kwa sheria ya mwaka 2024, Mkenya mwajiriwa hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa nyumba za bei nafuu. Ana haki ya kuuliza: zitalalika?