Nani Humfanya Mbwa Kuwa Mkali?

Katika vijia vya Kikima, kama kwingineko nchini Kenya, si ajabu kukuta kibao kimepigiliwa langoni: "Mbwa Kali". Mwalimu wa Kiswahili atakereka kwanza na sarufi, na ana haki, kwani mbwa ni kiumbe mwenye uhai na ilipasa tusome "Mbwa Mkali". Kosa hilo limekwisha kuota mizizi, nami sidhani litang'oka. Linalonishughulisha ni kosa la maana. Kivumishi hicho humvika mbwa ukali kana kwamba ni rangi ya manyoya yake, jambo alilozaliwa nalo, na mwenye boma hana mkono ndani yake.

Wahenga hawakudanganyika hivyo. Walinena kwamba mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Anayetajwa kwanza kwa ukali hapo ni msasi.

Hebu tutazame malezi yenyewe. Mtoto wa mbwa hutengwa na mamaye angali mchanga, akafungwa mnyororo chini ya ghala mchana kutwa, akafunguliwa usiku. Chakula chake ni makombo. Salamu yake ni jiwe. Wapo hata wanaoshikilia kwamba akilishwa pilipili atakuwa mlinzi hodari! Mwaka 1965, Wamarekani John Paul Scott na John Fuller walichapisha matokeo ya utafiti wa miaka mingi, wakaonyesha kwamba takribani kati ya juma la 3 na la 12 la maisha yake, mbwa hujifunza viumbe wa kusuhubiana nao. Anayepitisha majuma hayo bila kushikwa wala kusemezwa na watu huelekea kuwaogopa baadaye. Naye mwoga aliye huru hukimbia, ilhali mwoga aliyefungwa hana pa kukimbilia, kwa hiyo huuma.

Isitoshe, mbwa ana lugha. Kabla ya kuuma, aghalabu hukaza mwili, hugeuza uso, hujilamba midomo, hunguruma. Sisi humchapa kwa sababu amenguruma. Yamkini ataacha kunguruma, lakini hofu ingalipo, na siku nyingine atauma bila ilani. Mimi niliyezoea kuchunguza mawasiliano sijaona jibu baya kwa ujumbe kuliko kumwadhibu aliyeutoa.

Dawa yake inataka subira. Kwanza achunguzwe kama ana kidonda, sikio bovu au maumivu mengine, maana mbwa mpole anayebadilika ghafla huenda anaumwa. Apewe kivuli, maji na nafasi ya kutembea. Kinachomtisha kiwekwe mbali, mbali kiasi cha kumwacha ametulia, apewe kipande cha chakula, kisha kisogezwe kidogo kidogo kwa siku nyingi. Kazi hii ni ya mtu mzima, si ya mtoto.

Kuna atakayeuliza mbwa mpole atamlinda nani. Mlinzi hutakiwa kubweka, na kubweka hakuhitaji mateso. Tena sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, haimsamehe mwenye kutesa kwa kuwa ana boma la kulinda.

Hata hivyo, huruma isitusahaulishe kichaa cha mbwa. Makueni ni miongoni mwa kaunti zilizoteuliwa kutangulia katika mpango wa taifa wa 2014 hadi 2030 wa kukomesha vifo vya binadamu vitokanavyo na ugonjwa huo, ambao kinga yake kuu ni kuwachanja mbwa. Hapa pia jina linatupotosha. Kwa kusikia "kichaa" tunamtazamia mbwa anayerukia kila mtu, kumbe wapo waugua ambao hunyamaza, taya ikalegea, mate yakachuruzika, na mtoto akawasogelea kwa kuwaonea imani. Mwanafunzi aliyeumwa aoshwe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata mbwa akionekana mzima. Dalili za kichaa zikishatokea kwa binadamu, ni nadra mno apone.

Baada ya hayo, mwalimu anaweza kuuliza darasani, bila kiboko mkononi: nani kati yenu hupita kwenye lango lile akiwa na jiwe?