Panya ndani ya gari: lowesha kwanza, usifagie



Wiki iliyopita tuliandika juu ya kuhifadhi mahindi, na swali lililotufikia likawa la gari. Kikundi kimoja cha wamama hapa Bunia wana Hiace ya kizamani, waliyoinunua kwa likelemba. Ilikaa ndani ya lupango miezi mingi ikingojea kipande cha injini. Sasa inatembea, lakini inanuka. Unga unaopakiwa asubuhi unafika sokoni na harufu ya panya, wateja wanainusa gunia na kuendelea na njia yao. Wanatuuliza: tununue manukato gani?

Manukato hayatasaidia, hata kahawa iliyokaangwa, ambayo wengi wetu tunaitegemea. Vitu hivyo vinafunika harufu siku mbili, kisha jua linapowaka na gari likipata joto, yote inarudi. Harufu ina mahali inapotoka: kiota, mikojo iliyoingia ndani ya sponji ya viti, na mara nyingine panya aliyekufa pasipoonekana. Mpaka vitoke, tunapoteza pesa.

Lakini kabla ya harufu kuna jambo kubwa zaidi. Tumezoea, kazi chafu ya namna hii, kumwita mtoto. Ana mikono midogo, anaingia chini ya viti, tunampa ufagio na kumwambia afanye haraka. Tafadhali, tusifanye hivyo. Sisi wa Ituri tuna sababu kuliko wengine. Tauni, ile tunayoiita peste, haijaisha kwetu: inajulikana Aru, Mahagi na Djugu, na mwaka 2020 eneo la afya la Rethy lilipata wagonjwa. Inaletwa na viroboto wa panya. Panya akifa na mwili wake ukipoa, viroboto wanamwacha na kutafuta damu nyingine. Mtoto aliyejikunja chini ya kiti ndiye aliye karibu.

Hatusemi kila panya ana peste. Panya wengi hawana. Ila kwa macho hatuwezi kujua ni yupi. Tena kuna leptospirosi, inayokaa katika mikojo ya panya na kuingia mwilini kupitia kidonda au ngozi iliyolowa. Ni nani kati yetu hana kidonda kidogo mkononi au mguuni?

Kwa hiyo kazi hii ni ya watu wakubwa wawili, wenye viatu vilivyofungwa, suruali iliyoingizwa ndani ya soksi, glavu za mpira, na kitambaa cha kufunika pua na mdomo, kama vile vya wakati wa Korona. Mama mwenye mimba asiwe kati ya hao wawili. Anayenyonyesha naye aachie wengine, kuna kazi ya jua na sabuni atakayofanya baadaye.

Sogezeni gari mahali pa wazi, mbali na jiko, kisima na kuku. Zimeni injini, mtoe waya wa bateri, kwanza ule wenye alama ya kutoa. Tusiwashe ile feni ya kuingiza hewa ndani ya gari! Mara nyingi kiota kiko hapo hapo karibu yake, na upepo wake utatupulizia vumbi la mavi usoni.

Kisha viroboto. Pulizeni dawa ya wadudu chini ya viti, pembeni na nyuma, fungeni milango, muache muda ulioandikwa kwenye kopo. Hapo pasiwe na moto wala sigara karibu. Halafu fungueni milango yote na kofre ya nyuma, mkae mbali nusu saa. Nusu saa ya kweli, siyo ile ya mikutano yetu.

Sasa ndiyo kulowesha. Kikombe kimoja cha javeli, vikombe tisa vya maji, ndani ya chupa yenye kifuniko kilichotobolewa. Mwageni polepole juu ya kiota na mavi mpaka vilowe kabisa, msubiri dakika tano au zaidi. Ufagio mkavu unarusha vumbi, na vumbi hilo tunalivuta mpaka kwenye mapafu, kikilowa, hakirukiruki. Kisha okoteni kwa karatasi au matambara, mtie ndani ya mfuko wa plastiki, mfunge, mtie tena ndani ya mfuko wa pili. Kuzika kwenye shimo refu, mbali na maji, kunatosha. Panya aliyekufa naye ni vile vile: loweshwa, shikwa kwa mfuko uliogeuzwa, siyo kwa mkia na vidole. Na javeli tusiichanganye na siki wala dawa nyingine ya kusafishia. Hewa inayotoka hapo inaweza kudhuru mapafu.

Tafuteni wapi? Hapa fundi wa gari atasaidia. Chini ya kifuniko cha injini, juu ya injini na pembeni ya bateri, kwa sababu hapo kuna joto. Ndani ya sanduku la chujio la hewa ya injini, ambalo likiwa limejaa majani na vipande vya nguo msishangae. Chini ya kioo cha mbele, karibu na vifutio vya mvua, kuna mahali hewa inapoingilia. Majani yanaanguka hapo na panya anayafurahia. Nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria. Chini ya mazulia. Ndani ya viti vyenyewe: ukikuta sponji imetafunwa na vipande vyeupe chini, usiendelee kutafuta mbali.

Viti vitolewe vyote. Katika Toyota nyingi ni boliti nne kwa kila kiti cha mbele, na ufunguo wa 14 unatosha. Kitambaa na sponji tuvisafishe kwa sabuni ya unga na maji ya uvuguvugu, tukamue, tukaushe juani siku mbili tatu mpaka ndani pia pakauke. Javeli haifai kwa kitambaa chenye rangi, wala kwa waya na chuma. Ikigusa chuma, suuzeni. Sponji ambayo mikojo imeingia mpaka katikati, tusiibembeleze. Itupwe. Fundi wa viti atakata nyingine, na bei yake ni ndogo kuliko magunia yanayokataliwa sokoni.

Gari likishakauka, hapo ndipo makala yanafaa. Makala ya kupikia, makavu, yaliyovunjwa vipande vidogo, katika beseni mbili wazi, moja mbele na moja nyuma, usiku kucha milango ikiwa imefungwa. Asubuhi yatolewe, gari lipigwe upepo. Rudieni siku kadhaa. Bikarbonati ikinyunyizwa juu ya viti vikavu na kufagiliwa kesho yake inasaidia vile vile. Harufu ikibaki baada ya hapo, kuna kitu hamjakiona. Rudini kwenye njia ya hewa.

Kabla bateri haijarudishwa, fundi aangalie waya moja moja. Panya anakula ngozi ya waya, zile mbili zikigusana zinaweza kuwasha moto njiani, na gari limejaa watu. Mipira ya breki na ya mafuta nayo iangaliwe. Tunajua wengine watasema fundi ni gharama. Ni kweli, ni gharama.

Swali la sumu: hatuipendi ndani ya gari. Panya anaila, anakwenda kufia nyuma ya tablo, na hapo mtanuka wiki nyingi. Tena watoto na kuku wanaiokota. Mtego unatosha, uangaliwe kila asubuhi, na ile dawa ya viroboto itangulie mtego.

Ili wasirudi: gari lisikae. Hata kama halina safari, liwashwe na kusogezwa kila wiki. Nyasi zilizo chini yake zikatwe siku ya salongo, kuni zisipangwe karibu, na gunia la unga lisilale ndani hata usiku mmoja. Panya mdogo anapita kwenye tundu la kalamu, kwa hiyo mahali hewa inapoingilia fundi aweke wavu mwembamba wa chuma. Panya jike anabeba mimba wiki tatu tu. Tukichelewa mwezi mmoja tumeshapata familia nyingine.

Waliofanya kazi hiyo waoge kwa sabuni, nguo zao zifuliwe peke yake kwa maji ya moto. Ndani ya wiki mbili zinazofuata, mmoja wao akipata homa ya ghafla, mtoki wenye maumivu kinenani au kwapani, kikohozi chenye damu, macho ya manjano, au maumivu makali ya ndama za miguu, asinywe tu dawa ya malaria na kulala. Aende kituo cha afya siku ile ile, na amwambie muuguzi waziwazi: nilisafisha kiota cha panya. Peste inatibika kwa antibiotiki ikiwahiwa, na muuguzi asiyeambiwa kuhusu panya atafikiria malaria kwanza, kama sisi sote.