Sare si aibu, bora uipiganie

Umewahi kumsikia mtu kwenye klabu ya chesi akicheka, “Sare tu? Masaa matatu yote hayo?” Wacha hiyo dharau, bana. Nusu pointi si makombo.

Hebu chukua mechi ya kawaida ya klabu. Kila mmoja amebaki na mfalme na ngome, lakini mwenye kete nyeupe ana askari mmoja zaidi. Watazamaji washaamua nani mshindi. Ila mwenye kete nyeusi akijua kazi yake, anamweka mfalme mbele ya yule askari, kisha ngome anaituliza kwenye safu ya sita ili mfalme mweupe asipenye. Askari akisukumwa hadi safu hiyo, ngome inakimbia mwisho kabisa wa ubao na kuanza kumtishia mfalme mweupe kutoka nyuma, tena na tena. Hana pa kujificha. Mkao huo wa kujilinda unaitwa kwa jina la Philidor, Mfaransa wa karne ya 18, na hadi leo unaokoa watu.

Hapo hakuna bahati. Saa inayoyoma, kichwa kinauma, na hatua moja mbaya inakumaliza.

Hata mabingwa wanalijua hilo. Mwaka 2018 jijini London, Magnus Carlsen na Fabiano Caruana walitoka sare mechi zote 12 za kawaida za kuwania ubingwa wa dunia. Carlsen alishinda kwenye mechi za kasi, 3-0.

Ya kukemewa ni ile sare ya woga: mnasogeza kete mara kumi, mnapeana mikono, mnaenda kunywa chai. Hapo hakuna aliyejifunza kitu. Klabu zetu ziige mashindano yanayokataza wachezaji kukubaliana sare kabla ya hatua ya 30. Vijana watalalamika mwanzoni, lakini mchezo wao utakomaa.

Na wewe unayecheza wikendi hii, ukipoteza askari mmoja usikimbilie kusalimu amri. Jiulize: huyu anahitaji nini ili anishinde? Kisha mzibie hiyo njia. Akishindwa kupita, mpe mkono ukiwa umeinua kichwa. Nusu pointi hiyo hujapewa, umeitoa jasho.