Seva ya Isiolo inataka diski isiyosema uongo

Haya jamani, leo tuongee diski. Najua mada hii haina utamu wa simu mpya, lakini ndiyo inayoamua kama daftari la Sacco yenu litakuwepo Jumatatu asubuhi.

Orodha za vifaa vya seva za ofisi ndogo hapa Isiolo, iwe Sacco, zahanati au hoteli, huwa na mstari mmoja wa diski: "SSD 1TB". Basi, hakuna lingine. Anayeshinda zabuni anatafuta ya bei ya chini kabisa kule Luthuli Avenue, Nairobi, anaituma kwa basi, inafika, inawaka, watu wanapiga makofi. Mimi nasema mstari huo mfupi ni hatari kuliko virusi. Na dawa yake wala si kununua diski yenye mbio zaidi.

STIMA IKIKATIKA

Mwanachama akiweka shilingi 5,000, hifadhidata huiambia diski: andika hii, kisha nijibu ukimaliza. Diski nyingi za kompyuta za nyumbani hupokea maandishi kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, ile inayofutika stima ikienda. Zilizo nyoofu huhamisha kila kitu hadi kwenye chipu za kudumu ndipo zijibu, kwa hiyo zinakuwa polepole. Zisizo nyoofu hujibu "tayari" huku kazi haijaisha. Stima ikikatika hapo, karani ana risiti mkononi na seva haina habari.

Kuna baya zaidi. Ndani ya SSD mna ramani inayoonyesha kila kipande cha data kimekaa wapi. Ramani ikivurugika, hata data ya mwaka jana inaweza kupotea.

Diski za seva zilizotengenezwa vizuri zina kapasita ndani. Stima ikienda, kapasita hizo zinabaki na chaji ya muda mfupi sana, lakini inatosha kumaliza kuandika kilichobaki. Kwa sababu hiyo diski inaweza kujibu "tayari" papo hapo na isiwe imedanganya. Ndiyo maana diski ya seva ya SATA, ambayo kwenye boksi inaonekana ya kizamani, inaweza kuipita NVMe ya nyumbani kwenye hifadhidata inayoandika vitu vidogo vidogo mfululizo.

Unataka kuhakikisha? Brad Fitzpatrick, mwanzilishi wa LiveJournal, aliandika programu ndogo iitwayo diskchecker.pl kwa kazi hiyo hiyo: andika, chomoa waya wa stima, washa, kisha linganisha. Fanya hivyo kabla ya kuweka data ya watu.

"SI TUNUNUE UPS?"

Nunueni, ni lazima. Mwaka 2023 pekee, karibu Kenya nzima ilizimika mwezi Agosti, tena Novemba, tena Desemba. Lakini betri za UPS za risasi hupoteza takriban nusu ya umri wao kwa kila nyuzi 10 za joto linalozidi, na vyumba vyetu vya seva wengi mnavijua: bati juu, dirisha limefungwa. Isitoshe, UPS haikusaidii pawa saplai ya seva ikiungua, wala mtu akichomoa waya ili achaji simu. UPS inalinda chumba, kapasita zinalinda data. Unahitaji vyote viwili.

USIUZIWE UHAI USIOUHITAJI

Hapa ndipo wauzaji wanapotukamata. Uhai wa SSD hupimwa kwa DWPD, yaani ni mara ngapi kwa siku unaweza kuijaza diski nzima upya kwa kipindi chote cha dhamana. Diski ya 960GB yenye DWPD 1 kwa miaka 5 inavumilia kama terabaiti 1,752. Samsung 870 EVO ya 1TB, ambayo ni ya nyumbani, imeandikiwa 600.

Sasa tupige hesabu. Tuseme ofisi yenu inaandika GB 20 kila siku. Kwa miaka 5 ni terabaiti 36.5 tu! Hata ile ya nyumbani haijachoka. Kwa hiyo akija mtu na diski ya DWPD 3 kwa bei ya juu, mshukuru umwache aende. Pesa yako iende kwenye kapasita, hata kama itabidi uchukue diski yenye nafasi ndogo.

MAMBO MAWILI WATU HAWAAMBIWI

Kwanza, diski ya seva haishindi kila mahali. Kwa viwango vya JEDEC, SSD ya nyumbani iliyofika mwisho wa uhai wake inatakiwa kushika data mwaka 1 bila stima kwenye nyuzi 30. Ya seva inatakiwa miezi 3 tu, kwenye nyuzi 40. Imeundwa kufanya kazi usiku na mchana, si kulala kabatini. Nakala za akiba wekeni kwenye diski ya kawaida inayozunguka, na moja ikae mbali, Meru au Nairobi.

Pili, fimwea. Novemba 2019 kampuni ya HPE ilitangaza kuwa baadhi ya SSD zake za seva zingekufa zikifikisha saa 32,768 za kuwaka, zisipowekewa fimwea mpya. Anayeandika programu ataitambua namba hiyo mara moja: ni 2 kwa kipeo cha 15. Diski mbili pacha zilizowashwa siku moja zingekufa pamoja, na RAID yako nazo. Changanya matoleo, na fimwea iangaliwe kila mwaka.

MSTARI WA KUANDIKA

Kwa hiyo wanaoandika zabuni, futeni "SSD 1TB". Andikeni:

- SSD ya seva, 480GB au zaidi, yenye kapasita za kulinda data stima ikikatika
- DWPD 1, dhamana ya miaka 5
- Namba kamili ya modeli itajwe, ili tuisome wenyewe kwenye karatasi ya mtengenezaji
- Fimwea ya karibuni siku ya kukabidhiwa

Bajeti ikigoma, mimi ningechukua diski ya seva ya mtumba kuliko ya nyumbani mpya, ila kwanza ipimwe kwa smartctl: imewaka saa ngapi na imetumika asilimia ngapi. Muuzaji akikataa isipimwe, muachie diski yake.

Mfugaji aliyeuza ngamia na kuweka pesa yake Sacco hajui SSD ni nini, na hana haja ya kujua. Sisi tunaojua ndio tuna deni naye.